Kidirisha cha Wahome

Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Endelea na kazi uliyoshika. Kama ni mtu wa kweli ataita tena, atabisha, atakuja mpaka mlangoni kwa miguu yake. Na kama wito si wako, ni wa mwenzako, usimwitikie. Mwache aitike mwenyewe, kwa maana anayeitikia wito wa mwingine huufuata unakokwenda. Haya Hannah aliwafundisha wanawe wawili wakiwa bado wanavaa viatu vya plastiki, kama alivyofundishwa na nyanyake kule Othaya, na watoto wakamcheka. Mzazi mwenzangu unayesoma, cheka nawe ukitaka. Lakini soma mpaka mwisho, kwa maana aliyekuja kuivunja sheria hiyo kupita wote ni Hannah mwenyewe.

Hannah alikuwa fundi wa nguo katika mtaa wa Jamhuri. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na kuanzia Novemba sakafu yote ilikuwa vitambaa vya sare za shule. Hakuna aliyemwita Hannah. Alikuwa Mama Wahome, kwa jina la kifungua mimba wake, kijana mrefu aliyepita mlangoni akiinamisha kichwa hata pale ambapo hakuna haja. Wahome akifika nyumbani hakubisha. Alipiga mluzi getini, sauti ya kwanza ikipanda, ya pili ikishuka, kama mtu anayeuliza swali halafu anajijibu. Mama yake angeitika kutoka popote alipo, "Eee, ingia!" na dada yake Becky angesema, "Kwani hana mikono?"

Homa ya uti wa mgongo ilimchukua akiwa kidato cha nne. Alilazwa, na siku chache baadaye, saa ya adhuhuri, Hannah alimwacha na Becky wodini akakimbia nyumbani kumletea uji wa wimbi, kwa sababu wa hospitali alikuwa akiutema. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimeshavutwa pazia. Chupa ilikuwa mkononi. Uji ulikuwa bado moto.

Baada ya mazishi, majirani walianza kumwita Mama Becky. Walifanya hivyo kwa huruma, ili wasimchome. Yeye aliwakatalia kama mtu anayenyang'anywa kiti. "Mimi ni Mama Wahome," alimwambia Mama Kalekye, jirani waliyesali naye kila Alhamisi. "Jina hilo sikuazimwa, nirudishe." Hata mumewe Karanja, aliyekuwa akifanya kazi Nakuru na kuja mwisho wa mwezi, alijifunza kutolitaja lile lingine.

Sasa, kulikuwa na kitabu. Wahome alikinunua kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya njia mjini, jalada limechanika, kimeandikwa kwa Kiingereza kizito. Hannah aliishia darasa la saba, hakuweza kukisoma, lakini alikijua, kwa kuwa Wahome alikisimulia huku yeye akishona. Kilihusu nyota moja nyekundu huko mbali, haina hewa, ina vumbi tu, na watu wanaishi chini ya ardhi katika mji wa mabomba. Hewa yao inapita kwenye mabomba hayo. Mtu akifa, mwili unazikwa lakini sauti yake inabaki ndani ya bomba, inazunguka. Kuna vidirisha vya chuma, na kwenye kila kidirisha kuna mlinzi. Ukitaka kusema na mtu wako aliyekufa, unakwenda kwa mlinzi, naye sauti inapitia mdomoni mwake. "Uongo mtupu," Hannah alikuwa akisema, "hebu nipe makasi." Lakini alikuwa akipunguza mwendo wa cherehani ili asikie.

Mwaka ule wa kura ya katiba, ile ya ndizi na machungwa, Becky alikuwa chuo mjini, na kila Jumamosi mchana meza ya kulia chakula ilijaa karatasi. Walikuwa watatu: Becky, Ogutu kijana wa nyumba ya kona, na Krish aliyesoma na Becky, ambaye baba yake alikuwa na duka la kuchapisha kule River Road. Walikuwa wakigeuza kile kitabu cha Wahome kuwa mchezo. Hannah alidhani ni kama ludo. Haikuwa ludo. Hapakuwa na mshindi. Kila mmoja alijifanya mtu wa mji ule na kusema anachofanya, na Becky, aliyekuwa msimulizi, alisema kinachotokea na kuwasemea watu wengine wote waliokuwa ndani ya mji. Pale pa kubahatisha, dadu iliamua.

"Kwa kitabu, jamaa anapita bomba la kaskazini anatokea upande ule, basi," Krish alisema siku moja, Hannah akisikiliza kutoka jikoni. "Hatuambiwi alipumua nini."

"Alipumua ujasiri," Ogutu akasema.

"Ujasiri hauna hewa ndani yake, wewe. Utakufa na ujasiri wako."

"Si ndio maana nikaja na wewe? Nitapumua ya kwako."

"Nyamazeni," Becky alisema. "Kitabu kinaweza kusema mji ulikuwa mkubwa, halafu kinyamaze. Sisi hatuwezi. Mtu akisema anageuka kushoto, lazima kushoto kuwe na kitu."

"Na yule shujaa?"

"Tunamtoa. Akikuwepo mtakaa tu mkimwangalia, kama watu wa harusi."

Wakacheka. Hannah naye alicheka peke yake, mkono ukiwa kwenye unga. Nyumba haikuwa imesikia kicheko kwa muda mrefu.

Kilichomshtua ni Mama Kalekye. Alikuja kuchukua sketi, akasikia neno "wafu" kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo, akamvuta Hannah mpaka kwenye kamba ya nguo. "Mama Wahome, unalisha nini kwako? Dadu, ramani, wanaita wafu! Hujasikia watoto wanavyoingizwa kwa vitu vya giza siku hizi? Ukingoja utazika wa pili."

Maneno hayo yalimwingia kama sindano chini ya kucha. Aliingia ndani ameshika mita yake ya mbao ya kupimia vitambaa, tayari kufagia meza yote. Na hapo mlangoni ndipo aliposimama, kwa sababu Ogutu alikuwa amefika kidirishani.

"Namwita," Ogutu alikuwa akisema, bila mzaha safari hii.

Becky alikuwa mlinzi. Alifumba macho. "Nani anaita?"

"Ogutu wa kona. Yule alikuwa anamwibia mandazi."

Kwani sheria waliyoitoa kitabuni ilikuwa hii: anayeita lazima ajitaje kwa jina ambalo marehemu alimjua nalo. La sivyo sauti haitamtambua, na kidirisha hakitafunguka.

Becky alipofungua macho alikuwa ameweka mkono nyuma ya shingo, kichwa kimeinama upande, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kukokota. "Ogutu, wewe mwizi. Hata huku nikiangalia mfuko wangu nakosa mandazi. Msipite bomba la tatu, wasee. Huko hewa imelala."

Mzazi mwenzangu, haikuwa sauti ya Wahome. Hannah alijua si ya Wahome. Msichana hawezi kufika chini vile. Lakini ilikuwa na mahali pale ambapo Wahome alikuwa akipumzika katikati ya sentensi. Ilikuwa na mkono ule nyuma ya shingo.

Watoto wakamwona. Becky akaruka. "Mami, pole! Hatukutaka... Wahome ndiye aliyechora ramani mwanzoni. Tukaona haifai mabomba yawe na sauti za watu tusiowajua."

Hannah aliiweka mita chini taratibu. Alichotakiwa kusema alikijua. Mdomo ukasema kingine.

"Endeleeni," alisema. "Nitaleta chai."

Jumamosi iliyofuata alivuta kiti.

Walifurahi mwanzoni. Krish alimchapishia kadi yake kwenye karatasi ngumu kama za wachezaji wote. Wakamweleza kwamba kuita kuna bei. Mlinzi alikuwa na kadi ndogo ndogo, kila moja imeandikwa kitu chake mwenyewe: napenda mvua, naogopa mbwa, nilivunja jino la mbele nikiwa na miaka saba. Kila mtu akiita, mlinzi anarusha dadu. Ikianguka moja, anachana kadi. Kitabuni walinzi husahau wao ni akina nani, kidogo kidogo, na hawa vijana waliona jambo hilo ni tamu sana kwa mchezo. "Bila bei, Auntie, kila mtu atakuwa anaita tu," Krish alisema. Hakujua alichosema.

"Nani anaita?"

"Mama Wahome."

Na mkono wa Becky ukaenda nyuma ya shingo. "Mathe! Hata wewe umekuja huku kwa vumbi?" Maana Wahome ndiye aliyekuwa akimwita mathe, kwa utani, ili apigwe kwa kitambaa. Becky tangu utotoni alisema mami.

Siku ya kwanza aliuliza kama amekula. Ya pili, kama ni baridi huko. Aliuliza juu ya sweta aliyoipoteza shuleni, na sauti ikasema aliibadilisha kwa mkate, na Hannah akacheka mpaka machozi. Kulikuwa na swali moja chini ya mengine yote. Alilizunguka kama kuku anavyozunguka nyoka: siku ile nilipokwenda kuleta uji, uliniita? Hilo hakuliuliza. Aliuliza juu ya soksi.

Hadithi ya mji ilisimama. Ogutu alikaa na mtu wake mbele ya bomba la tatu Jumamosi baada ya Jumamosi, akingoja zamu. Mwishowe aliacha kuja. Hannah alimsikia getini akimwambia Krish, "Mama ya Becky amegeuza mchezo kuwa matanga. Mimi nilikuja kupigana na vumbi." Krish naye alikuja, kisha akaja kwa kuruka wiki, kisha akawa na kazi nyingi dukani. Hannah hakuona pengo lao. Walikuwa wakichukua nafasi.

Ikawa sasa ni wawili mezani, na si Jumamosi pekee. Ilikuwa Jumanne Becky akitoka chuo. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, kabla hajavua viatu.

"Niitie."

"Mami, leo nimechoka."

"Mara moja tu, nimsalimie."

Na Becky angekaa. Alikuwa mtoto mtiifu, na ndiyo maana nawaonya: mtoto mtiifu ndiye wa kuhurumiwa zaidi, kwa sababu hatakuambia unamla. Angefumba macho na kurusha dadu, na ikianguka moja angechana kadi, na Hannah angevikusanya vipande na kuvitia jikoni kuwashia makaa bila kuvisoma.

Mambo yalianza kama mzaha. Becky akaanza kutia sukari nyingi kwenye chai, yeye ambaye alikuwa akiinywa chungu. Akaanza kuinama mlangoni, msichana mfupi vile. Alivaa koti la Wahome kwenda mjini. Mbwa wa Mama Kalekye, aliyemfanya apite njia ya nyuma tangu utotoni, sasa Becky akawa anamkuna masikio. "Hata ameacha uoga," Hannah alisema kwa fahari. Usiniulize moyo wake ulikuwa wapi. Moyo wa mama ni chungu. Ukikijaza kitu kimoja hakipokei kingine.

Kisha ikaja alasiri moja mvua ilipoanza ghafla. Hannah alikuwa jikoni, mikono imejaa mafuta, na nguo za wateja zilikuwa kwenye kamba.

"Becky! Anua nguo!"

Kupitia mlango alimwona sebuleni, ameketi kwenye kiti, uso dirishani, akiangalia mvua.

"Becky! Husikii?"

Msichana hakugeuka. Hata bega halikutikisika, kama mtu anayesikia jirani akiitwa upande wa pili wa ukuta.

"Wewe! Beckyyy!"

Hakuna. Na hapo ulimi wa Hannah ukateleza, au haukuteleza. Jina likatoka lenyewe, jepesi, kwa kuwa ndilo lililokuwa mbele. "Wahome!"

"Naam, mathe?"

Alijibu papo hapo. Akageuka, mkono nyuma ya shingo, anatabasamu, tayari kutumwa. Na mezani hapakuwa na ramani. Hapakuwa na dadu.

Nguo zililowa zote. Hannah alisimama na kijiko kikidondosha mafuta sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze mchezo ule alisikia baridi ya huko kwenye mabomba.

Kesho yake alivaa kitambaa kichwani akashuka mjini. River Road ilikuwa na matope na mikokoteni, watu wakipita ubavu kwa ubavu, na duka la Kailash, baba yake Krish, lilikuwa ndani kabisa, likinuka wino na karatasi yenye joto. Mzee Kailash alizima mashine alipomwona.

"Karibu, Mama Wahome. Kaa. Chai inakuja. Na yule msichana wako, hajambo?"

Swali la salamu tu. Lakini Hannah aligundua hakuna aliyemuuliza habari za Becky kwa miezi, na kwamba hata yeye hakujiuliza.

Krish alimtoa nje, wakasimama kando ya marobota ya karatasi. Alikuwa akijifuta wino kwenye vidole, hamtazami usoni.

"Auntie, hata darasani wakiita majina haitiki. Wanamwandikia hayuko na yuko hapo mbele. Nikimwambia, anasema hakusikia."

"Ni hicho kitu chenu kimemshika! Mlileta nini nyumbani kwangu?"

"Kadi nilichapisha mimi na hii mashine, Auntie. Ni karatasi. Dadu tulinunua hapo chini." Akasema polepole, kama mtoto anayemwonea mkubwa aibu. "Lakini tangu mvua za kwanza, Becky ameongea kama Wahome kuliko vile ameongea kama Becky. Nani anamwongelesha kama Becky? Hata mimi nilikimbia."

Hannah alishikilia robota. "Basi nifundishe kufunga. Kidirisha kinafungwaje?"

"Hatukuwahi kutunga hiyo."

"Kitabu kinasemaje?"

"Kitabu hakifungi. Kwa kitabu watu wanaita tu mpaka mlinzi anaisha. Halafu wanatafuta mlinzi mwingine." Alimtazama sasa. "Kila mahali kitabu kilinyamaza, ilibidi tutunge wenyewe, na tusivunje sheria zake. Hiyo ya kufunga, Auntie, nadhani ni yako."

Alirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akifikiri. Mtu wa darasa la saba, atatunga sheria ya mji wa nyota nyekundu! Lakini fundi wa nguo anajua jambo moja: mshono haufunguliwi kwa kuvuta. Unatafuta pale ulipoanzia. Akajiuliza, mlango huu unafungukia wapi kila siku? Alipofika nyumbani alikuwa amejua, na bei ya kuufunga aliijua pia.

Jumamosi mchana alitandaza ramani mwenyewe. Jua lilikuwa kali, watoto wa jirani walikuwa wakiruka kamba nje. Becky alikaa bila kuambiwa. Katika kadi zake za mlinzi ilibaki moja.

"Nani anaita?"

Hannah alikuwa ameapa kutoita tena kwa jina lile. Lakini ni mara ya mwisho, akajiambia, na mchimba kisima huingia mwenyewe. "Mama Wahome," alisema.

"Mathe." Mkono nyuma ya shingo.

"Nina swali moja. Siku ile nilipokwenda kuleta uji. Uliniita?"

Ile sura iliyokuwa usoni mwa Becky ilisita. Kisha macho yakajaa maji, na aliyesema alisema kwa sauti ndogo, ya msichana, iliyoota kutu kwa kutotumiwa.

"Mami, hiyo siwezi kujibu kama yeye. Hiyo naijua."

"Sema."

"Alikuita. Hakusema mathe. Alisema mami, mami, kama mtoto, na hakuwa ananiona tena. Na wewe hukuwa hapo." Alikuwa akivuta pumzi kwa shida. "Nikaitika. Nilisema, niko hapa, mwanangu. Nilitoa sauti yako. Akatulia, akashika mkono wangu akidhani ni wako, na akaenda. Ulitukataza. Ulisema anayeitikia wito wa mwingine huufuata. Mimi niliitikia wako. Tangu siku hiyo niko njiani, mami, sijui nirudi vipi."

Hannah alinyoosha mikono kuvuka ramani, karatasi zikaanguka. Lakini kabla hajamgusa, uso wa Becky ulitulia, kama maji jiwe likishazama. Kichwa kikainama upande.

"Mathe?" ile sauti ya kukokota ikauliza. "Bado uko? Nani anaita?"

Mzazi mwenzangu, jibu lilikuwa kwenye ulimi wake. Jina lake mwenyewe, alilolipigania na majirani, alilolibeba kama taji na kama jeraha. Angelisema, na mwanawe angebaki, angeulizwa habari za soksi mpaka siku ya kiama. Akatazama mikono iliyokuwa mezani. Ilikuwa midogo. Kidole kimoja kilikuwa na kovu la pasi. Alikuwa amelisahau kovu hilo.

"Ni Mama Becky," alisema.

Nje, watoto walikuwa wakihesabu kamba.

"Simjui huyo."

"Ndiyo. Hukumjua."

"Mathe, ni wewe? Huku ni giza."

Alishika ukingo wa meza mpaka kucha zikaumia. "Ni Mama Becky. Namtafuta msichana wangu. Amekaa kidirishani hapo siku nyingi na hajala."

"Mama Becky simjui," sauti ilirudia, polepole, na ilikuwa kama inasogea, kama mtu anayezungumza akirudi kinyumenyume kwenye bomba refu. "Nani aliniita?"

"Si wewe niliyekuita, baba," Hannah alisema. "Si wewe."

Akaikunja ramani, mkunjo juu ya mkunjo, kama anavyokunja sare iliyokamilika. Ile kadi ya mwisho aliisoma sasa, na ilisema, naitwa Becky. Akaiweka mbele ya msichana, akamwita. Aliita mara ya kwanza, akaita ya pili, na kati ya hizo mbili alizeeka. Ya tatu hakuipaza. Aliisema karibu na sikio, kama mtu anavyomwamsha mtoto mchanga asimshtue.

"Naam, mami," Becky alisema, akaanza kulia, na wakateremka wote wawili wakakaa sakafuni kwenye karatasi zilizoanguka mpaka jua likahama dirisha.

Siku hizi majirani wanamwita Mama Becky, naye anaitika. Mama Kalekye alipomsikia akiitika mara ya kwanza alishika mdomo. Krish alirudi, na Ogutu naye, na wakapita lile bomba la tatu kwa kelele nyingi; kidirisha kiliachwa nje ya ramani mpya. Becky anakunywa chai yake chungu, na anapita njia ya nyuma kukwepa mbwa. Mimi nawaambia, mama aliyefiwa, lia. Lia uwezavyo, hata majirani wachoke. Lakini usimfanye aliyebaki kuwa mdomo wa aliyekwenda, kwa kuwa atakubali.

Na msidhani kufunga ni mara moja. Jumapili moja walikuwa wameketi nyuma ya nyumba, mama na binti, sinia katikati yao, wakichambua minji kutoka kwenye maganda. Alasiri ilikuwa tulivu. Ndipo mluzi ukasikika getini. Sauti ya kwanza ikapanda, ya pili ikashuka.

Vidole vya Hannah vilisimama. Vya Becky pia. Wakatazamana, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake amesikia.

"Mami," Becky alinong'ona.

"Chambua."

Mluzi ukaja tena. Uliuliza, ukajijibu. Kwa mara ya tatu uliuliza tu, ukangoja.

"Eee, ingia" ilikuwa imefika nyuma ya meno ya Hannah. Akachota minji mbichi kiganja kizima, akaijaza mdomoni, akatafuna huku machozi yakimdondoka kwenye sinia, akatafuna mpaka getini kukawa kimya.